Muulize Babu Fundi: Taa zimewaka, watoto wamelala

Shikamoo Babu Fundi. Nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka 11, wa pili 6, na wa mwisho ana mwaka na nusu. Krismasi iliyopita tuliwapeleka kwenye maonyesho ya taa za Krismasi, tukamchukua na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tulitoka saa 10 jioni ili tuwahi maegesho. Joto lilikuwa kali, taa zikachelewa kuwashwa, mdogo akalia mpaka akalala, wa pili akapuliziwa ile theluji ya povu machoni, na mume wangu akasema hataki kusikia tena habari za taa. Sasa watoto wameanza kuuliza. Twende au tubaki nyumbani? – Mama Watatu

Marahaba mwanangu. Nendeni. Na mumeo msimnunie, maana maneno hayo mimi nimeyasema kabla yake, tena kwa sauti ya kusikika maegesho nzima.

Mwaka nilioyasema nilikuwa nimeshinda siku nne juu ya ngazi nikifunga taa kwenye bustani moja ya watu. Nikaona niwapeleke wangu wakaone kazi ya baba yao. Tukafika jua bado liko juu ya miti. Taa za Krismasi mchana hazina uzuri wowote, ni waya wa kijani na vidude vya plastiki vimening'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Binti yangu wa tatu akatazama, akanigeukia: "Baba, ndiyo hiki?" Tukarudi garini kusubiri giza. Tukishusha vioo wadudu wanaingia, tukipandisha tunaiva. Taa zilipowaka nikageuka nyuma kwa mbwembwe niwaambie watazame. Wote wanne wamelala, vinywa wazi, na rangi nyekundu na kijani zinapita juu ya mashavu yao. Mama yao akaniambia, "Angalau wewe umeziona."

Kosa letu na lenu ni moja, saa. Matembezi haya yalizoeleka kwenye nchi za baridi, ambako Desemba giza linaingia mapema. London jua linazama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo mtoto wa kule anaona taa, anarudi nyumbani, anakula na kulala kwa wakati wake. Kwenye joto mambo ni mengine. Karibu na Ikweta jua linazama mnamo saa 12 na kitu jioni mwaka mzima. Sydney, Desemba ni kiangazi, na jua linazama mnamo saa 2 usiku, saa ambayo mtoto wa mwaka na nusu anapaswa kuwa usingizini. Kwa hiyo usiulize "lango linafunguliwa saa ngapi", uliza "jua linazama saa ngapi". Simu yako inakuonyesha hilo kwenye habari za hali ya hewa. Fikeni jua linapozama, si saa mbili kabla. Mkishaegesha na kufunga viatu vya watoto, mbingu itakuwa imegeuka buluu nzito, na hapo ndipo taa zinapendeza kuliko saa yoyote, kwa sababu bado unauona mti wenyewe, si madoa ya rangi gizani. Ikweta msizubae, buluu hiyo haimalizi nusu saa.

Sasa huyo mdogo. Siku hiyo alale mchana hata kama atakataa, ale kabla ya kutoka, na mkifika msikae zaidi ya dakika 45. Najua mmelipa. Najua kuna upande wa pili hamjaufikia. Uacheni. Mtoto akianza kusugua macho, matembezi yameisha, na mkimlazimisha mtaibeba ile hasira mpaka nyumbani. Akisinzia asibaki garini peke yake, hata kwa dakika tano, hata kama jua limezama. Gari lililofungwa kwenye joto linakuwa jiko, na mwili wa mtoto mdogo unapata moto haraka kuliko wetu sisi.

Mama mkwe msimzungushe. Wengi hufanya kosa la kumkokota mzee nyuma ya watoto, kila mtu anasimama kumsubiri, naye anaona aibu. Mtafutieni benchi lenye mandhari nzuri kuliko yote, akae kama mwenye shughuli, ninyi mzunguke mrudi kwake. Au chagueni yale maonyesho ya kupita na gari mkiwa mmekaa. Hayo yanamfaa yeye, ila watoto wa miaka 6 hawayapendi, wanataka kugusa. Pimeni wenyewe nani mwaka huu apewe kipaumbele. Mimi ningempa mzee.

Ile theluji ya povu ni sabuni na maji vinavyopulizwa na mashine. Ikiingia machoni inawasha kama sabuni nyingine, dawa yake ni maji safi mengi, basi beba chupa moja ya ziada. Simameni pembeni, si chini ya mdomo wa mashine, na mwangalie miguu maana sakafu inateleza. Sijawahi kuipenda. Mtu ana joto lake zuri la Desemba, anajimwagia sabuni ili aonekane yuko kwenye baridi! Lakini watoto wanaifurahia, na siku hiyo si yangu.

Mbu: watu hudhani wanafuata taa. Wale wanaozunguka balbu kwa wingi ni wadudu wengine, wanaovutwa hasa na mwanga mweupe wenye ubuluu. Mbu anafuata pumzi yako, joto la mwili wako na harufu yako. Kwa hiyo kusimama mbali na taa hakukusaidii. Vaeni nguo nyepesi za mikono mirefu, na dawa ya kupaka uitie kwanza kwenye viganja vyako ndipo umpake mtoto usoni, usimpulizie. Viganja vyake usimpake, atavitia mdomoni.

Nimemwacha wa miaka 11 makusudi, kwa sababu ndiye atakayekuharibia safari. Umri huo wanaanza kuona kila kitu cha kitoto. Mpe kazi. Taa zinazocheza zinaendeshwa na mtambo uliopangiwa zamu, na zamu zikiisha zinaanza upya. Mwambie achague nyota moja, atazame simu, ahesabu ni sekunde ngapi mpaka mchezo urudi pale ulipoanzia. Atasimama hapo bila kunung'unika, nakuhakikishia, kisha atakuja kukuambia kwamba zile za langoni zinarudi haraka kuliko zile za kwenye mti.

Na akikuuliza zinajuaje zamu zake, mwambie habari za San Fernando, kule Pampanga nchini Ufilipino, nchi ya joto kama unavyolijua joto. Kila Desemba wanashindanisha taa za duara zenye upana wa kama mita 6, zenye maelfu ya balbu, zinazocheza kwa kufuata muziki. Mtambo wake wa asili ni mapipa ya chuma yanayozunguka. Vibanio vya nywele, vilevile vya wanawake, vimepangwa vikigusa pipa, na kila kimoja kina waya wake unaokwenda kwenye balbu zake. Juu ya pipa wamebandika vipande vya tepe ya karatasi. Kibanio kikigusa chuma, umeme unapita, taa inawaka. Kikipanda juu ya tepe, inazima. Wimbo mzima umeandikwa kwa tepe! Nimefanya kazi ya umeme maisha yangu yote na sijaona kitu kilichonifurahisha hivyo.

Babu, kila nikirekodi video ya taa kwa simu, inatoka na mistari myeusi inayopanda na kushuka. Simu ni mbovu? – Mpiga Picha wa Familia

Simu ni nzima. Taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kuzima kufuatana na mapigo ya umeme wa nyumbani, kati ya mara 50 na 120 kwa sekunde. Jicho lako halioni, lakini simu inasoma picha mstari kwa mstari, hivyo baadhi ya mistari inaikuta taa imezima. Kama umeme wa kwenu ni wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, ingia kwenye mipangilio ya kamera uchague picha 25 kwa sekunde badala ya 30. Ukiwa wa hezi 60, ibaki 30. Kwa picha za kawaida, gusa taa kwenye kioo kisha punguza mwanga mpaka rangi zirudi, na usiwapange watoto mbele ya taa migongo ikiwa imeelekea huko. Wageuze, taa iwamulike usoni. Halafu weka simu mfukoni utazame.

Mwanangu ana kifafa. Nimeambiwa taa za kuwaka na kuzima zinaweza kumwangusha. Nimnyime kwenda? – Baba Mwenye Wasiwasi

Kabla ya mimi, muulize daktari wake, kwa sababu si kila kifafa kinachochewa na mwanga. Kati ya watu 100 wenye kifafa, wanaosumbuliwa na mwanga ni kama 3. Upande wangu wa umeme nikuambie hivi: hatari ni mimuliko ya haraka, kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Taa inayofifia na kurudi taratibu si sawa na ile inayopiga kama radi. Tangulia wewe siku moja ukague njia nzima, ujue kona ya kuikwepa. Mkikutana na mmuliko mkali ghafla, mfundishe azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho peke yake hakutoshi, mwanga unapenya kope.

Nusu ya mnyororo wangu wa taa haiwaki. Nimekata zile mbovu, nikaunganisha waya kwa tepe. Naweza kuuning'iniza kwenye mti uani? Mvua si nyingi. – Fundi Mwenzio

Hapana. Nusu imezima kwa sababu taa hizo zimegawanywa makundi, na ndani ya kila kundi umeme unapita balbu moja baada ya nyingine. Ukipunguza balbu, zilizobaki zinabeba mzigo wa zilizoondoka, zinapata moto na kuungua mapema. Na tepe haizuii maji, hata ya mvua isiyo nyingi. Utupe, ununue zilizoandikwa kwamba ni za nje.

Na kabla ya kuutupa, chomoa plagi kwanza. Nakujua.