Mchele wa Kyela au wa Shinyanga?

Dada, umeuliza kama watoto watapata lishe zaidi kwenye mchele wa Kyela kuliko wa Shinyanga. Kwa wanga, haipishani sana. Tofauti ipo kwenye madini: mpunga hunyonya zinki na seleniamu kutoka udongoni, na udongo wa bonde moja si wa jingine. Tena jaruba likituama maji muda mrefu, zinki hunaswa udongoni, mmea ukaikosa. Ila jina la mahali kwenye gunia halikuonyeshi hayo. Mimi ningeangalia kwanza ukoboaji, maana pumba ikiondoka, vitamini B1 nyingi huondoka nayo. Tafuta ambao haujakobolewa sana, kisha wapikie na maharage au dagaa. Zinki na chuma wataipata huko.