Swali la lugha: Je, kila aliyeandamana alikuwa anapinga?

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili na ninatafiti saikolojia ya watu wanaojiunga na harakati za kupinga. Nilipolijaribu dodoso langu hapa Moshi, mzee mmoja alinijibu kwamba ameandamana karibu kila mwaka wa utumishi wake. Nikamwuliza alikuwa akipinga nini. Akanishangaa: "Kupinga? Mei Mosi hiyo, mwanangu!" Nitumie neno gani: maandamano, mgomo au ghasia?

JIBU: Mzee amekujibu sawasawa, dada. Kuandamana ni kufuatana, na kitenzi hicho hakisemi kama watu wanafuatana kwa hasira au kwa furaha. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, watu waliandamana kuliunga mkono. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Kwa hiyo taja lengo: maandamano ya kupinga, ya kudai, ya kuunga mkono.

Ghasia iache kabisa. Ukimwuliza mtu kama alishiriki ghasia, atakana hata kama alikuwa mstari wa mbele, kwa sababu umeshamhukumu. Nawe unatafuta jinsi yeye mwenyewe alivyokiona alichokifanya.

Kugoma ni pana kuliko mgomo wa kazini. Mtoto hugoma kula, gari hugoma kuwaka. Wakumbuke Wameru wa Engare Nanyuki, mkoani Arusha: serikali ya kikoloni ilitaka ardhi yao iende kwa walowezi, wakagoma kuhama, na mwaka 1951 wakaondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa. Mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuidai ardhi hiyo. Watu wale waligoma, wakalalamika, wakadai. Dodoso linalouliza maandamano tu lingewaacha nje, na hilo lingenisikitisha sana kwa utafiti unaofanyika jirani kabisa na Meru.

Neno la kitaalamu, vuguvugu la kijamii, yaani harakati za watu wengi wenye lengo moja, libaki kwenye tasnifu. Kwa wahojiwa wengi vuguvugu ni hali ya maji. Wao waulize hivi: "Je, umewahi kuungana na wenzako kudai haki, kupinga jambo au kugoma kutii amri? Mlifanya nini?" Neno atakalolichagua mhojiwa katika jibu lake, hata kama ni fujo, liandike vilevile alivyolitamka, usimsahihishe.