Mshahara wa Desemba ukiingia Januari, kagua PAYE yako

Mshahara wa Desemba ukichelewa mpaka Januari, watu humshukuru Mungu umefika na kukimbilia karo. Mimi huandaa mishahara ya kampuni ndogo ndogo hapa Kenya, na ombi langu ni moja: kabla hujazitumia hizo pesa, angalia umekatwa PAYE, yaani kodi ya mapato inayotolewa kwenye mshahara, kiasi gani.

Mfanyakazi mkaazi ana nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 kila mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, zile 8,333 zinazofuata asilimia 25, kisha unaingia kwenye 30. Kwa hivyo anayebaki na 24,000 za kutozwa kodi, NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na ada ya nyumba zikishatolewa, halipi PAYE hata senti. Kodi ni 2,400, nafuu ni 2,400.

Sasa bawabu mmoja wa kiwango hicho aliniletea hati yake ya mshahara ya Januari. “Madam, hii nayo ni nini?” Alidhani sacco imemkata mkopo mara mbili. Kumbe mishahara miwili ilijumlishwa ikawa 48,000, ikahesabiwa kama ya mwezi mmoja na kupewa nafuu moja. PAYE: 6,783.

Ingekuwa mshahara wa Juni umelipwa Julai, nisingehangaika sana, maana ritani, ile taarifa ya kodi unayofaili kila mwaka, hujumlisha mwaka mzima na kilichozidi hudaiwa. Tatizo ni kuvuka Desemba 31. Mwaka uliopita unabaki na mishahara 11, kodi yake ni 26,400, na ile nafuu ya 2,400 iliyosalia hairudishwi wala haihamishwi. Mwaka mpya unabeba mishahara 13 kwa nafuu ya miezi 12. Akifaili ritani hivyo hivyo, atarudishiwa kama 783 tu. Elfu sita zimekwenda. (Mwenye 50,000 za kutozwa kodi kwa mwezi hukatwa ziada ya 7,616, lakini yeye angalau alilipa kodi mwaka uliopita, kwa hivyo ana cha kudai huko.)

Na sheria haikutaka iwe hivyo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinayahesabu malipo ya kazi ya mwaka mwingine kuwa mapato ya mwaka huo kazi ilipofanywa. Desemba ni Desemba, hata pesa ziingie lini.

Mwandikie anayeshughulikia mishahara, kwa maandishi, umtajie kifungu hicho, uombe ritani ya PAYE ya Desemba, ile ya mwajiri, irekebishwe na upewe P9 mpya, yaani hati ya mwaka ya mshahara na kodi uliyokatwa. Ukiambiwa “utajisawazishia kwa ritani,” usikubali, hesabu umeziona. Una muda, kwani mwisho wa kufaili ni Juni 30. P9 ina mstari wa kila mwezi, kwa hivyo ukikuta wa Desemba una sufuri na ulikuwa kazini mwezi mzima, usifaili kwanza.