Mashine iliuponda wimbo wangu, sasa taksi za Kampala zinaupiga

Tangu wimbo ushike inbox imejaa, "kaka nipe jina la ile app inayosema wimbo utahit au la". Sitoi. Ile app karibu inirudishe kijijini kulima.

Nilimpelekea promota mmoja (jina naliacha, anajijua) beat yangu, dada mmoja wa Makindye hapa Kampala ameimba. Hakusikiliza hata korasi! Akauingiza kwenye ile app kwenye laptop, ikatoa asilimia thelathini na kitu, akanigeuzia skrini nione mwenyewe halafu akaendelea kula rolex yake, ile chapati ya mayai. Mbele ya yule dada. Bado inaniuma, siwadanganyi.

Leo ukipanda taksi pale Old Taxi Park unausikia, kwenye kwanjula, zile sherehe za kutambulisha mchumba nyumbani, watu wanaomba urudiwe, na promota ananitumia "bro tuonane". Sijajibu na sina haraka.

Sasa nyie mnaotaka kutoka kimuziki nisikilizeni. Hizi ahadi ni za zamani, 2003 huko kampuni ya Polyphonic HMI ya Barcelona ilishakuwa na programu yake ya kutabiri hit, Hit Song Science, ikajisifu kwamba ilimuona mwimbaji Norah Jones mapema, kabla hajavuma. 2008 watafiti Pachet na Roy wakapima nyimbo kama 32,000 wakasema hii bado si sayansi. Algoridhimu nyingi zinapima vitu kama spidi, nguvu, kama beat inachezeka. Sitya Loss ya Eddy Kenzo ilisambaa duniani 2014 kwa video ya wale watoto wa Ghetto Kids wakicheza, sasa niambie miguu ya mtoto inapewa asilimia ngapi?

Halafu watu wanafuatana. Kuna utafiti ulitoka 2006, nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, watu zaidi ya 14,000 wakagawanywa makundi mbalimbali, walipoanza kuona wenzao wamedownload nini kila kundi likapandisha nyimbo zake, na nyimbo ni zilezile jamani!

Kwa hiyo mpe DJ. Mpe DJ wa kafunda, yaani kibaa cha mtaani, flash yenye wimbo wako, kaa pembeni na soda yako, usiangalie marafiki zako maana hao watacheza tu wakufurahishe, angalia yule asiyekujua. Mpe DJ nasema. Wangu alinirudishia flash akasema intro ndefu, watu wanarudi kukaa kabla sauti haijaingia, nikaikata usiku uleule.