Baiskeli ya Umeme Ikilia, Usikimbilie Kufungua Mota

Wiki tatu nzima baiskeli yangu ilikuwa inalia ka, ka, ka, kila asubuhi nikitoka Jambiani kwenda kazini Paje. Fundi wa kwanza aliinama, akasikiliza, akasema: "Mota imekwisha hii, sheikh. Tuifungue." Nilikataa, na hadi leo nashukuru.

Sauti ya baiskeli hudanganya. Hupita ndani ya mabomba ya fremu, ikasikika mahali isipotoka. Kabla hujashika spana, tafuta barabara tulivu ujue mlio unafuata nini. Zima mota, kanyaga kwa miguu tu. Mlio ukinyamaza, tazama upande wa mota. Mlio ukiendelea, acha kukanyaga, baiskeli iserereke yenyewe. Bado unalia? Kagua gurudumu: njiti zilizolegea, breki inayogusa diski, au waya unaopigwa na njiti. Umekatika? Kagua pedeli, mikono yake, gololi na mnyororo. Rekebisha kitu kimoja, kisha panda tena usikilize. Ukigusa vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kinalia.

Ila kama mota yako iko katikati ya gurudumu na unasikia "tak!" pale inapoanza kuvuta, shuka hapo hapo. Huenda nati za ekseli zimelegea. Ekseli ikizunguka husokota waya wa mota na kuukata, na gurudumu laweza kuchomoka. Zima umeme, toa betri, kaza nati za pande zote mbili.

Mlio wangu ulifuata miguu. Nilitia grisi kwenye pedeli, nikasafisha mnyororo, wapi! Siku moja nikasimama juu ya pedeli kuvuka tuta: kimya. Nikakaa: ka. Kumbe ni bomba la siti.

Nililichomoa. Chini lilikuwa na pete ya mchanga mweupe, mkavu, umeganda kama ukoko wa wali. Mimi hupita ufukweni maji yakipwa, na mchanga ule wenye chumvi huingia kila upenyo. Nilifuta bomba na tundu lake kwa kitambaa, nikapaka grisi kidogo, nikakaza. Ka, ka ikaisha siku ile ile.

Lako likiwa la chuma au alumini, fanya hivyo hivyo, lakini kwanza zungushia tepu pale bomba linapoingia kwenye fremu, usije ukapoteza urefu uliouzoea. Mimi sasa hulitoa kila mwezi, na kipindi cha upepo wa Kusi, mchanga unapopeperuka sana, kila baada ya wiki mbili.