Baridi ya Mbeya si friji

Juzi binti mmoja wa Makambako ameniandikia: "Shikamoo mama. Nasikia wali uliolala haupandishi sukari. Ni kweli? Maana mimi bila wali sijala." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Wali uliolala ndio ulionilaza kitandani siku tatu mwezi wa saba.

Nina sukari mwaka wa tisa sasa, na sioni aibu kusema naimudu. Asubuhi kipimo changu hucheza kwenye 6 na 7. Nakaa Soweto ya hapa Mbeya, sokoni Mwanjelwa nakwenda kwa miguu na kurudi na kapu, mboga nachagua mwenyewe. Kliniki walishanisimamisha mbele ya wenzangu niwe mfano. Labda hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Habari ya kiporo niliipata kwenye kundi la WhatsApp, na uongo haikuwa. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kumeng'enywa, kwa hiyo sukari hupanda kidogo pungufu. Kidogo. Mimi nikasikia "jaza sahani".

Jumamosi moja nikapika kilo nzima ya mchele wa Kyela. Wifi yangu alikuwa amekuja kunitembelea. Nilipotaka kuupakua wali uingie kwenye friji, akanicheka: "Wifi, Mbeya hii ya Julai? Friji yenyewe inaona wivu." Tukafunika sufuria, tukaifunga kanga, tukaiacha juu ya jiko la mkaa lenye majivu ya moto hadi asubuhi. Jumapili baada ya ibada tukaupasha, nikala sahani mbili. Yeye alionja tu, alikuwa anawahi basi la Tukuyu.

Saa tisa alasiri nilianza kutapika. Usiku nikajipima: 19. Sijatia kitu tumboni tangu mchana, sukari 19! Wifi alipopigiwa simu akawaambia watu lazima nilikunywa soda kwa siri. Maneno hayo yalifika kanisani kabla sijapona. Mpaka leo sijayameza.

Daktari ndiye aliyenisafisha jina. Alisema mwili ukiugua hutoa homoni za kupambana, na homoni hizo huliamuru ini limwage sukari kwenye damu hata kama hujala. Kutapika nako kunakausha maji, damu inazidi kuwa nzito kwa sukari. Vidonge vyangu alivisimamisha mpaka nilipoanza kula. Lakini wewe unayechoma insulini usiiache kwa kichwa chako eti kwa sababu hujala. Piga simu kliniki, jipime kila baada ya saa chache, kunywa maji kidogo kidogo.

Na wali je? Mchele una bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana na kuacha sumu, na sumu ile ya kutapisha haiondoki hata uupashe mpaka uungue. Baridi ilikuwa nje, jamani. Ndani ya sufuria iliyovikwa kanga juu ya majivu kulikuwa na joto la kuatamia mayai. Mtu mwingine angetapika mara mbili akaenda kazini. Sisi wenye sukari kinga yetu ni dhaifu, na wengine tumbo linachelewa kusukuma chakula.

Siku hizi wali wa kesho nautandaza kwenye sinia upoe upesi, na kabla ya saa moja kuisha uko kwenye friji, ndani ya vibakuli vidogo vyenye mifuniko. Kesho yake naupasha mara moja tu mpaka utoe mvuke kotekote. Ukibaki, ni wa kuku. Umeme ukikatika usiku kucha, wa kuku pia, hata roho iume. Huna friji? Pima mchele kwa kikombe, pika wa kuisha. Hapo mwanangu wa Makambako jibu lako umelipata: kiporo kula, ila kiwe kimelala kwenye friji, na kwenye sahani kibaki kiasi kilekile, si ruhusa ya kuongeza.

Tena wapendwa, tubadilike! Tunajua kuhesabu vipande vya chapati lakini kisu kilichokata kuku mbichi ndicho kinachokata kachumbari. Maziwa ya Rungwe tunayanywa mabichi kwa sababu bibi alikunywa akafika miaka tisini. Yachemshe. Kuku mbichi usimwoshe kwenye beseni, yale maji yanaruka mpaka kwenye vikombe. Moto ndio unaomsafisha. Na mikono nawa kwa sabuni, hata kabla ya kujipima. Nilishawahi kumenya ndizi mbivu nikajitoboa kidole hapohapo, kipimo kikasoma 14. Nikanawa, nikarudia: 8. Nusura nijiadhibu kwa njaa siku nzima kwa sababu ya utomvu mtamu kidoleni.

Wifi alikuja tena wiki iliyopita. Aliona vibakuli vyangu kwenye friji, akauliza kama nimefungua hoteli. Nikampakulia wa moto. Habari ya soda hakuigusa, na mimi sikumuuliza.