Kabla hujauita Eleocharis acicularis, tafuta tunda

Eleocharis acicularis ni ndugu mdogo wa ndago na mafunjo, aotaye kwenye tope la kingo za maziwa, mabwawa na mito iendayo polepole. Wengi hupita juu yake wakidhani ni nyasi. Wanaoutafuta nao hutosheka haraka na wembamba wake wa unywele, wakaandika jina. Wembamba hautoshi.

Inama uutazame vizuri. Unachodhani ni jani ni shina. Jani limebaki ala nyembamba tu, imelikumbatia shina chini kabisa. Suke ni moja, limekaa kileleni, na hakuna jani linalolipita kwenda juu. Ukiona masuke kama yametokea ubavuni, huenda hiyo ni Isolepis, jamaa mwingine wa ndago. Juncus, mmea mwingine wa majimaji wenye mashina membamba, haisumbui: ua lake lina vipande sita, na tunda lake hupasuka na kumwaga mbegu nyingi.

Kazi yenyewe iko ndani ya suke. Lina milimita 2 hadi 7 tu, na magamba yake ni ya hudhurungi yenye mstari wa kijani katikati. Subiri likomae, kisha likwangue kwa ukucha juu ya karatasi nyeupe. Mimi hutumia lenzi ya kukuza mara 20, maana tunda lina urefu wa karibu milimita 1. Utaona mistari ya wima, na baina yake vijistari vingi vya kukingama vilivyobanana, na kichwani kinundu chenye ncha. Kila nikiiona huwa nafurahi upya! Eleocharis parvula, ambayo kimo chake ni hichohicho, ina tunda laini lisilo na mistari hiyo. Hupenda maji yenye chumvichumvi, na mashina yake ya chini ya ardhi huwa na viazi vidogo vilivyopinda.

Uliozama majini mara nyingi hautoi suke kabisa. Hapo andika jina la jenasi tu, Eleocharis, basi, urudi maji yakipungua. Na ukiukuta kwenye bwawa la kuchimbwa, uliza nani aliupanda kabla ya kuuhesabu kuwa wa asili ya hapo, kwa sababu huuzwa pia kwa ajili ya matangi ya samaki.

Masuke yaweke kwenye bahasha ya karatasi, kwani kwenye plastiki huota ukungu. Juu ya bahasha andika tarehe, mahali na kina cha maji.